Kikombe cha Bwana na Chai ya Gatundu



Tangu nitangaze madhabahuni kwamba Meza ya Bwana haitangoja tena Jumapili ya kwanza ya mwezi, na kwamba sasa tutashiriki kila juma, simu yangu haijapumzika. Mmoja ameuliza kama tunaelekea kuwa Wakatoliki. Mzee mmoja ninayemheshimu sana ameniambia kwamba kitu kikizoeleka hupoteza uzito. Na mama mmoja wa soko letu hapa Githurai 45 ameuliza swali linaloshinda yote: "Pasta, hiyo meza ya kila wiki itanisaidia na nini?"

Sikutaka kumjibu kwa mstari mmoja. Jibu langu linapitia Roma na Scotland, linafika Thogoto na Gatundu, ndipo lirudi hapa kwetu. Soma polepole, hata kama ni ndani ya matatu.

Tuanze na neno lenyewe. Majirani zetu Wakatoliki huita sakramenti. Sisi Wapentekoste tunalikwepa neno hilo, lakini asili yake ni ya kujua. Kwa Kilatini, sacramentum kilikuwa kiapo cha askari wa Roma. Siku anaandikishwa jeshini anaapa kwamba atamtii jemadari wake, na tangu siku hiyo yeye si mtu wa kununuliwa na mwingine. Mnamo mwaka 112 hivi, gavana mmoja wa Kirumi aliyeitwa Pliny, akitawala Bithinia, kaskazini mwa nchi ya Uturuki ya leo, alimwandikia Kaisari Trajan barua kuhusu Wakristo. Alikuwa amewahoji, na tena amewatesa wanawake wawili watumwa waliokuwa wahudumu wa kanisa, akitafuta uovu wao. Alichopata ni hiki: hukutana siku maalum kabla ya mapambazuko, humwimbia Kristo kama Mungu, na hujifunga kwa sacramentum. Si kiapo cha kupindua serikali. Waliapa kwamba hawataiba, hawatanyang'anya, hawatazini, hawatavunja ahadi, wala hawatakana mali ya mtu waliyowekewa amana. Kisha huondoka, na baadaye hukutana tena kula chakula, chakula cha kawaida kisicho na madhara.

Hebu wekeni kidole hapo kwenye amana. Kuna mweka hazina wa chama anayesoma hii. Nitarudi kwake.

Miaka kama 90 baadaye, Tertullian wa Carthage, mtu wa Afrika hii yetu upande wa kaskazini, alilichukua neno hilo la askari na kuliita ubatizo na Meza. Kwa hiyo wale watu wa kwanza walipokula mkate na kunywa kikombe walijua wanafanya nini. Walikuwa wanaapa upya. Na walifanya hivyo mara ngapi? Matendo 2:42 inasema walidumu katika kuumega mkate, na Matendo 20:7 inawaonyesha Troa wakikutana siku ya kwanza ya juma kwa kazi hiyo hiyo. Justin, aliyeandika Roma katikati ya karne ya 2, anaeleza ibada ya kila siku ya jua: maandiko yanasomwa, neno linafundishwa, watu wanaomba, mkate na kikombe vinaletwa, na mashemasi wanawapelekea wasioweza kufika. Wenye nacho wanatoa, na sadaka hiyo inawaendea yatima, wajane, wagonjwa na wafungwa. Kila juma. Yeyote anayefikiri hilo ni jambo la Kikatoliki tu, amsome Justin.

Sasa, ilikuwaje likawa jambo la mara chache? Historia hii ni ndefu, nitaikata. Kadiri karne zilivyopita watu waliogopa Meza hadi wakawa wanaitazama tu bila kula. Mwaka 1215 mtaguso wa Laterano ulilazimika kuamuru kila Mkristo ashiriki angalau mara moja kwa mwaka, wakati wa Pasaka. Angalau mara moja! Ukiona sheria ya namna hiyo, ujue hali ilikuwa mbaya. Wanamageuzi walijaribu kurudisha. John Calvin kule Geneva alitaka iwe angalau kila juma, lakini baraza la mji likakata shauri iwe mara nne kwa mwaka. Scotland walipokea utaratibu wa Geneva, na sehemu nyingi za mashambani ikawa mara moja kwa mwaka. Wazee wa kanisa walikuwa wakiwahoji waumini kwanza, na aliyefaulu alipewa kijipande cha risasi kama sarafu, akionyeshe ndipo akaribishwe mezani. Ilikuwa kama tikiti. John Wesley aliona hatari ya mambo hayo, akaandika hotuba nzima kuwahimiza watu washiriki daima, akaichapisha mwaka 1787, na hoja ya kwamba mazoea yanapunguza uzito aliikabili humo humo. Mzee wangu, swali lako lina zaidi ya miaka 200.

Nimewataja Waskoti kwa sababu ndio waliokuja kwetu. Misheni yao ilianza Kibwezi mwaka 1891, homa ikawasumbua, na mwaka 1898 wakahamia Kikuyu. Mahali walipokaa wenyeji wakapaita Thogoto, yaani kwa Waskoti, kwa matamshi ya kwetu. Walileta hospitali, shule na Biblia, na Mungu awabariki kwa hayo. Lakini pia walileta meza ya nadra, meza yenye mlinzi mlangoni. Wengi wetu tuliolelewa katika makanisa ya zamani, hata tulipookoka na kuhamia Pentekoste, tulibeba ratiba hiyo ya Scotland bila kujua, tukadhani ni ya Yerusalemu.

Na bado, pale pale Thogoto, mwezi wa Juni 1913, lilitokea jambo lililotikisa kanisa hadi Uingereza. Wamisionari wa madhehebu mbalimbali walikutana: Waanglikana wa CMS, Wapresbiteri, Wamethodisti, watu wa African Inland Mission na wengine. Shida yao ilikuwa ya kawaida kabisa. Kijana amebatizwa na misheni moja, anakwenda kutafuta kazi mahali ambapo kuna misheni nyingine, je, atapokelewa? Atakula Meza ya Bwana na nani? Walizungumza kuhusu shirikisho, na siku ya mwisho wakashiriki Meza pamoja ndani ya kanisa la Wapresbiteri. Askofu William Peel wa Mombasa aliongoza kwa kitabu cha sala cha Kianglikana, Mpresbiteri akahubiri, na watu wa misheni nyingine wakapokea mkate na kikombe kutoka mikononi mwa Mwanglikana.

Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliposikia, alichachamaa. Alimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury akitaka Peel na mwenzake, Askofu Willis wa Uganda, wahukumiwe kwa uzushi. Magazeti ya London yalijaa habari za Kikuyu, mji ambao wasomaji wengi walikuwa hawajawahi kuusikia. Uamuzi ulitoka mwaka 1915, ukiwa wa kupapasapapasa: hakuna aliyehukumiwa, lakini ibada ya namna ile isiwe mazoea. Sitaki mumchukie Weston. Ni yeye huyo aliyeandika mwaka 1920 kuupinga utawala wa Kiingereza kwa kuwalazimisha Waafrika kufanya kazi, wakati viongozi wengine wa dini walikuwa wakilizungukazunguka jambo hilo. Aliipenda Meza na alikuwa akiilinda. Lakini nikiwa mtoto wa Kiambu najiuliza: vipi mkate mmoja na kikombe kimoja vikaogopesha dola nzima? Ni kwa sababu walijua Meza si mapambo. Anayekula nawe pale amekuwa ndugu yako, na huwezi tena kumrudisha mlangoni. Matunda ya mkutano ule mnayaona mpaka leo. Misheni hizo zilifanya muungano wao mwaka 1918, na shule waliyoifungua mwaka 1926 mnaijua kwa jina: Alliance.

Natamani ningeishia hapo, lakini miaka 16 tu baada ya ibada ile Meza iligeuzwa kuwa fimbo. Mwaka 1929 misheni kadhaa, Waskoti wakiongozwa na Dkt. John Arthur, waliwataka Wakristo wa Kikuyu waweke kidole gumba kwenye karatasi, kuthibitisha kwamba wameachana na kuwatahiri wasichana. Watu wetu wakaliita jambo hilo kirore. Aliyekataa alizuiwa Meza, na walimu wakapoteza kazi. Nieleweke vizuri: kuwakeketa wasichana ni uovu, sheria yetu ya 2011 imeukataza, na mimi nauhubiri dhidi yake bila kupepesa macho. Lakini wale waliogeuzwa migongo mwaka 1929 hawakuona binti anaokolewa. Waliona mzungu aliyekuwa na shamba akidai na roho pia. Ndani ya majuma machache makanisa yalibaki matupu, Waskoti wenyewe wakipoteza sehemu kubwa ya washirika wao.

Tazama walichofanya waliofukuzwa. Hawakurudi migumoni. Walijenga shule zao na makanisa yao, na kwa kuwa hawakuwa na wachungaji wa kuwabatiza na kuwaandalia Meza, walimtafuta Askofu Mkuu Daniel William Alexander wa African Orthodox Church kutoka Afrika Kusini. Alifika mwishoni mwa 1935, akafundisha makasisi pale Gituamba, Murang'a, mpaka 1937. Watu walimleta mtu kutoka mwisho wa bara ili wasikae bila ubatizo na bila kikombe. Nikifikiria njaa hiyo, halafu nikumbuke watu wangu wanaoondoka kabla ya Meza ili wawahi mechi ya Ligi ya Uingereza, nanyamaza tu.

Kisha ikaja miaka ya 1950, na hapa ndipo swali la mama yetu linapopata jibu.

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya mkoloni ilitangaza hali ya hatari. Usiku, vijijini kote Kiambu, Murang'a na Nyeri, watu walikuwa wakiitwa kula muma, kiapo. Unapita chini ya upinde wa migomba, unakula nyama ya mbuzi, unaguswa na damu, unashika udongo, unaapa kwamba hutaisaliti nchi wala kutoboa siri. Sina neno baya kwa mtu aliyedai ardhi yake. Hapa tunapokaa, kuelekea Ruiru na Thika, yalikuwa mashamba ya wazungu ya kahawa na mkonge, na babu zetu walikuwa vibarua juu yake. Gereza la Kamiti, ambako Dedan Kimathi alinyongwa tarehe 18 Februari 1957, liko karibu na stage yetu. Katika kanisa letu kuna wajukuu wa waliokula muma na wajukuu wa waliokataa, na wote wanakaa benchi moja.

Lakini nataka muwatazame waliokataa, hasa wale walioitwa ahonoki, watu wa uamsho. Uamsho huo ulianzia Gahini, Rwanda, ukapitia Uganda, ukafika Kenya mwaka 1937. Walikutana kila juma, wakatubu hadharani, wakarudishiana vitu walivyoibiana, wakasema habari ya damu ya Yesu asubuhi na jioni. Walipoitwa usiku kula kiapo, wengi wao walitoa jibu ambalo wazee wetu wanalisimulia mpaka leo: mimi nimekwisha kunywa damu ya Yesu, siwezi kunywa nyingine juu yake. Wengine waliuawa kwa jibu hilo. Na wengi wao, serikali ilipowapa bunduki wajiunge na askari wa ulinzi, walizikataa pia, kwa sababu hiyo hiyo. Pande zote mbili ziliwaona wasaliti.

Sasa nikuulize, mpendwa. Mtu anasimama gizani, panga liko shingoni, na jibu linalomtoka ni kikombe. Unafikiri ni kikombe alichokunywa lini? Kama ni cha Pasaka ya mwaka juzi, kingemjia kinywani usiku ule? Paulo alikuwa amekwisha kuwaambia Wakorintho, katika 1 Wakorintho 10:21, kwamba hakuna kunywa kikombe cha Bwana na kikombe kingine pamoja. Wale walilielewa andiko hilo bila mwalimu wa theolojia. Na hata upande wa pili waliijua siri hii. Waliokula muma hawakula mara moja tu. Aliyeingia msituni kupigana alipewa kiapo kingine, kizito zaidi. Hakuna jeshi linaloridhika na kiapo kimoja cha zamani. Hilo ndilo jibu langu kwa mzee wangu kuhusu mazoea.

Si ya wakoloni peke yake. Mwaka 1969, baada ya Tom Mboya kuuawa mwezi wa Julai, watu wetu walipakiwa kwenye malori na mabasi kwenda Gatundu kuapishwa upya, safari hii ili uongozi wa nchi usitoke nyumba moja. Ilikuwa serikali yetu wenyewe, na mwaliko ulikuwa na jina tamu: kwenda kunywa chai. Umeona ujanja? Kiapo kimefungwa ndani ya kikombe cha chai. Samuel Gathinji, mtumishi katika PCEA, alikataa, akapigwa mpaka akafa. Mchungaji John Gatu, aliyekuwa kiongozi wa kanisa hilo na ambaye yeye mwenyewe wakati wa ujana wake alikuwa amekula kiapo cha Mau Mau, alisimama akapinga. Gazeti la Target, chini ya Henry Okullu, liliandika waziwazi. Makanisa yalipopaza sauti, malori yakasimama.

Leo hakuna anayekuita chini ya migomba. Lakini neno chai tunalo bado, na kila mtu hapa anajua maana yake. Askari wa kaunti anasimama mbele ya meza yako ya nyanya, anataka chai. Kondakta anapita roundabout na noti imekunjwa ndani ya kiganja, ni chai. Karani anakwambia faili yako imepotea, na chai inaipata. Huenda umekwisha kuzoea. Na hapo ndipo namrudia mweka hazina wa chama, mwenye shilingi za wenzake, ambaye mwezi ukiwa mgumu anajiambia atazikopa kidogo. Wale wa Bithinia waliapa kwamba hawatakana amana, kisha wakaenda kula pamoja. Ukijua kwamba Jumapili utanyoosha mkono kuchukua mkate mbele ya mama uliyemshikia pesa zake, Alhamisi utafikiri mara mbili. Ukijua Meza ni baada ya miezi mitatu, una nafasi ya kutosha kujidanganya.

Kuna wanaoogopa. Wamesikia kwamba anayekula isivyostahili anajilia hukumu, kwa hiyo wanakaa nyuma mwaka mzima, wakidhani wanamheshimu Mungu. Soma 1 Wakorintho 11:28 kwa makini. Paulo anamwambia mtu ajihoji kisha ale. Hakumwambia ajihoji kisha aende nyumbani. Na kosa la Korintho lilikuwa nini? Wenye nafasi walifika mapema, wakala, wakashiba, na waliotoka kazini walifika wakakuta vimekwisha. Ndiyo maana anamalizia kwa kuwataka wangojane.

Wangojane! Hilo limenichoma mimi kama mchungaji. Nani katika kanisa letu hukosa Meza? Si wavivu. Ni mama anayeondoka saa kumi alfajiri kwenda Marikiti kuchukua mboga, ambaye Jumapili ndiyo siku yake ya mauzo makubwa. Ni mlinzi aliyetoka zamu ya usiku. Ni kijana wa boda ambaye mwenye pikipiki anataka pesa yake jioni, Jumapili au si Jumapili. Mwaka 2020, makanisa yalipofungwa kwa sababu ya korona, mlishiriki nyumbani kwa simu, wengine kwa maji ya ukwaju na kipande cha chapati, na Mungu alikuwapo. Ilipofika Julai na kuruhusiwa watu 100 tu kwa saa moja, tukawaacha nje wazee waliozidi miaka 58 kama sheria ilivyotaka, niliona nyuso zao getini. Baadhi ya wazee hao walikuwa watoto na vijana wakati wa kikombe kile cha miaka ya 1950. Mashemasi wetu waliwapelekea nyumbani, kama walivyofanya mashemasi wa Justin.

Basi, utaratibu ni huu. Meza itakuwa kila Jumapili katika ibada ya kwanza, saa moja asubuhi, na pia katika ibada ya pili. Kwa watu wa soko, wa matatu na wa zamu, itakuwa kila Jumatano saa moja unusu usiku, na hatutaanza mpaka wa Marikiti wafike. Mkate ni wa kawaida, juisi ni ya zabibu. Hakuna anayelipishwa. Ukisikia mahali wanauza mkate wa muujiza au kikombe cha kufungua biashara, hiyo ni chai nyingine. Mwenye jambo na mwenzake aje nusu saa mapema. Wazee wa kanisa na mimi tutakuwa chumba cha pembeni, na mweka hazina, mlango utakuwa wazi. Wagonjwa na wazee wa Kimbo na Mwihoko wasioweza kutembea, watumieni mashemasi ujumbe kabla ya Jumamosi saa sita mchana, watapanga njia.